Kusoma sikukuu za Walawi 23 kama unabii: pa kuanzia, pa kushika na pa kuacha

Kalenda nzima ya sikukuu za BWANA imo katika sura moja, Mambo ya Walawi 23: Sabato ya kila juma, kisha sikukuu saba za mwaka. Wasomaji wengi huingia katika sura hiyo wakiwa tayari na majibu: hii ni msalaba, hii ni unyakuo, hii ni ufalme wa miaka elfu. Jibu likitangulia hivyo, andiko hupuuzwa. Afadhali uanze na shayiri, damu, mwezi mwandamo na tarehe. Ukishaiona sikukuu ilivyofanywa shambani, nyumbani na hekaluni, ndipo uulize inaelekeza wapi, na ni nani aliyesema hivyo: mtume, nabii, au mhubiri wa juzi.

Chukua daftari na uchore safu nne. Ya kwanza ni ya tarehe na zao lililokuwa likivunwa. Ya pili ni ya kilichofanyika: wanyama, vipimo, aliyefanya na mahali alipofanyia. Ya tatu ni ya tukio la nyuma linalokumbukwa. Ya nne ni ya kile kinachoelekezwa mbele, nayo ndiyo inayohitaji nidhamu, kwa hiyo kila utakachoandika humo kipe daraja. Daraja la kwanza ni pale Agano Jipya linapoitaja sikukuu au sadaka yake na kuihusisha waziwazi na Kristo au Kanisa. La pili ni pale linapotumia picha za sikukuu bila kuitaja. La tatu ni pale wafasiri walipounganisha wenyewe. Mambo ya daraja la tatu yanaweza kuwa mazuri, hata ya kweli, lakini usiyafundishe kwa sauti ileile unayofundishia ya daraja la kwanza.

Usisome Walawi 23 peke yake. Weka kando yake Kutoka 12 kwa Pasaka, Walawi 16 kwa Siku ya Upatanisho, Kumbukumbu la Torati 16 kwa sikukuu tatu za kuhiji, na Hesabu 28 na 29. Hizi mbili za mwisho watu huziruka kwa sababu ni orodha ya ng'ombe na kondoo. Ni hasara, maana hesabu ya wanyama ni sehemu ya ujumbe, kama utakavyoona kwenye Vibanda.

Maneno mawili ya kushika kabla hujaanza

Neno la Kiebrania linalotafsiriwa "sikukuu" mwanzoni mwa sura hiyo ni moedi, wakati uliopangwa. Mzizi wake ni ndugu wa mzizi wa Kiarabu uliotupa neno "miadi". Ndilo neno lililoko katika Mwanzo 1:14, jua na mwezi vinapowekwa kuonyesha majira, na ndilo lililoko katika jina la hema ya kukutania. Ukisoma "miadi ya BWANA" badala ya "sikukuu", sura nzima hubadilika: Mungu ameweka siku na mahali pa kukutana na watu wake. Hapo ndipo wazo la unabii linapopata mguu wa kusimamia.

La pili ni kipuri, jina la Siku ya Upatanisho, lenye mzizi mmoja na "kafara". Undugu huo unasaidia, ila uwe macho. Kafara katika mazungumzo ya kawaida hubeba harufu ya uganga, yaani kitu cha kutupa ili balaa liondoke. Katika Walawi 16 ni Mungu mwenyewe anayeweka njia ya kusafisha watu na patakatifu. Hakuna anayemhonga.

Kalenda: kosa la siku moja huharibu kila kitu

Miezi ya Biblia hufuata mwezi mwandamo, na siku huanza jua linapotua. Miezi kumi na miwili ya namna hiyo ni siku kama 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku kumi na moja hivi. Pengo lisipozibwa, Pasaka ingehama kutoka majira hadi majira. Kalenda ya Kiyahudi ya leo huongeza mwezi mzima mara 7 katika kila miaka 19. Kwa hiyo Nisani, mwezi wa kwanza, hubaki Machi hadi Aprili, na Tishri, mwezi wa saba, hubaki Septemba hadi Oktoba. Torati inauita mwezi wa kwanza Abibu, neno la masuke mabichi ya shayiri: bila shayiri iliyokomaa kiasi hicho hakuna mganda wa kutikisa.

Msomaji wa Kiswahili ana faida moja na mtego mmoja. Faida ni saa. Biblia inaposema "saa tatu ya mchana" katika Matendo 2:15, au "saa tisa" Yesu alipolia msalabani katika Marko 15:34, ni saa tatu na saa tisa zilezile tunazozitaja sisi, maana hesabu ni moja: kuanzia mapambazuko. Mtego ni majina ya siku. Sisi tunahesabu Jumamosi kuwa mosi na Jumapili kuwa pili. Katika Biblia Jumamosi ni siku ya saba, Sabato, na "siku ya kwanza ya juma" ni Jumapili. Anayesahau hilo anapohesabu "siku inayofuata Sabato" atafika Pentekoste akiwa amekosea.

Pasaka na mikate isiyotiwa chachu

Tarehe 10 ya mwezi wa kwanza kila nyumba ilitwaa mwana-kondoo au mwana-mbuzi, dume la mwaka mmoja lisilo na ila. Alitunzwa hadi tarehe 14, akachinjwa jioni. Damu ilipakwa kwa kitita cha hisopo kwenye miimo miwili na kizingiti cha juu. Nyama ilichomwa motoni, ikaliwa pamoja na mikate isiyotiwa chachu na mboga za uchungu, na hakuna mfupa uliovunjwa (Kutoka 12:46).

Kwenye safu ya nne, daraja la kwanza halina shida: Paulo anasema Kristo ndiye Pasaka wetu aliyetolewa kuwa sadaka (1 Wakorintho 5:7), na Yohana 19:36 inataja mfupa usiovunjwa. Mafundisho ya kwamba Yesu aliingia Yerusalemu tarehe 10 na "kukaguliwa" siku nne na makuhani na Pilato yaandike daraja la tatu. Yohana 12:1 inasema alifika Bethania siku sita kabla ya Pasaka, na kuingia mjini ni kesho yake. Ikiwa hiyo ni tarehe 10 au la, inategemea unavyozihesabu siku hizo sita.

Hapa pia utakutana na ugumu ambao si vema kuuficha. Marko 14:12 inaonyesha karamu ya mwisho kuwa ni Pasaka yenyewe, lakini katika Yohana 18:28 Wayahudi walikuwa bado hawajaila asubuhi ya kusulubiwa. Wengine hudhani kulikuwa na hesabu mbili za kalenda. Wengine husema "kula Pasaka" katika Yohana ni sadaka za juma zima, na wengine kwamba Yohana anataka tuone Yesu akifa wana-kondoo wanapochinjwa. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anaandika kwamba walichinjwa kati ya saa tisa na saa kumi na moja. Mfundishe mwanafunzi wako kwamba suala hili lipo. Akilikuta mwenyewe baadaye, atadhani ulimdanganya.

Mikate isiyotiwa chachu hufuata kuanzia tarehe 15 kwa siku saba. Inafundishwa sana kwamba siku hizo ni Yesu kaburini, asiyeoza kwa kuwa hana chachu ya dhambi. Paulo haendi huko. Katika 1 Wakorintho 5:8 anaielekeza sikukuu kwenye mwenendo wa Kanisa: kuondoa chachu ya uovu na kuishi kwa weupe wa moyo na kweli. Kaburi ni daraja la tatu, mwenendo ni la kwanza, na mafundisho mengi yameligeuza hilo.

Mganda na siku hamsini

Mganda wa malimbuko ya shayiri ulitikiswa mbele za BWANA "siku ya pili baada ya Sabato". Pamoja nao alitolewa mwana-kondoo dume wa mwaka mmoja, unga mwembamba sehemu mbili za kumi za efa uliochanganywa na mafuta, na robo ya hini ya divai. Kabla ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kula mkate, bisi wala masuke mabichi ya mavuno mapya (Walawi 23:14). Kanuni hiyo ndiyo moyo wa picha: mganda mmoja ukikubaliwa, shamba lote limefunguliwa. Paulo anaposema Kristo amefufuka, "limbuko lao waliolala" (1 Wakorintho 15:20), hasemi tu kwamba Yesu alitangulia. Limbuko ni la aina moja na mavuno yanayofuata, kwa hiyo ufufuo wake ndio unaohakikisha na kueleza ufufuo wa wengine. Fundisha hilo kwa nguvu zote.

Kuhusu tarehe, tulia kidogo. Sabato ipi? Mafarisayo walisema ni siku ya kwanza ya mikate isiyotiwa chachu, hivyo mganda ulikuwa tarehe 16 Nisani, siku yoyote ya juma. Wapinzani wao walisema ni Sabato ya kila juma, hivyo ni Jumapili daima. Anayesema "Yesu alifufuka siku ileile ya mganda" amechagua upande. Paulo anataja limbuko, hataji tarehe. Picha weka daraja la pili, tarehe la tatu.

Kutoka mganda huhesabiwa Sabato saba kamili, na siku ya hamsini ni Sikukuu ya Majuma, Pentekoste. Zao sasa ni ngano. Kinachotikiswa ni mikate miwili ya sehemu mbili za kumi za efa, iliyookwa kwa chachu. Hapo mwalimu aliyekwisha kusema "chachu ni dhambi, kila mahali" hukwama. Yesu mwenyewe aliufananisha ufalme wa mbinguni na chachu (Mathayo 13:33). Pasaka ilikataza chachu kwa ajili ya haraka ya kutoka Misri. Pentekoste ni mkate wa kawaida wa mkulima aliyekaa nchini mwake. Fundisho la kwamba mikate miwili ni Wayahudi na Mataifa katika Kanisa moja linapendeza, na Waefeso 2 ina wazo hilo, lakini haitaji mikate. Daraja la tatu.

Matendo 2 inaitaja siku hiyo kwa jina, kwa hiyo kushuka kwa Roho Mtakatifu ni daraja la kwanza. Watu kama 3,000 waliongezeka (Matendo 2:41), na watu kama 3,000 walianguka siku ya ndama wa dhahabu (Kutoka 32:28). Mlingano huo huvutia hasa kwa sababu mapokeo ya Kiyahudi yanaiona sikukuu hii kuwa siku ya kupewa Torati Sinai. Kumbuka tu kwamba Torati yenyewe haisemi hivyo. Inasema Israeli walifika Sinai mwezi wa tatu (Kutoka 19:1), mwezi ambao sikukuu huangukia.

Usipite mstari wa 22 mbio. Katikati ya kalenda, kabla ya sikukuu za mwezi wa saba, ipo amri ya kumwachia maskini na mgeni pembe za shamba na masazo. Wengine huuita mstari huo kipindi cha Mataifa. Kabla ya kufika huko, usome kama ulivyo: mavuno ya BWANA yana sehemu ya mgeni.

Tarumbeta

Agizo ni fupi mno. Siku ya kwanza ya mwezi wa saba ni ya kupumzika, ya ukumbusho wa kupiga tarumbeta na ya kusanyiko takatifu. Torati haitoi sababu. Ufupi huo ndio uliofungua mlango wa mafundisho mengi kuliko sikukuu nyingine yoyote.

Wengi huihusisha na parapanda ya 1 Wathesalonike 4:16 na "parapanda ya mwisho" ya 1 Wakorintho 15:52. Paulo haitaji sikukuu. Tena tarumbeta za Biblia ni nyingi: zile mbili za fedha za Hesabu 10 za kukusanya watu na kuvunja kambi, baragumu la Sinai, baragumu la yubile, mwaka wa hamsini wa kuachiwa huru, lililopigwa Siku ya Upatanisho (Walawi 25:9). Ukitaka kuiunganisha parapanda ya Paulo na Tarumbeta, uwe na sababu ya kutochagua yubile. Hoja nyingine husema "siku ile na saa ile hakuna aijuaye" ni jina la fumbo la sikukuu hii, kwa kuwa ndiyo pekee inayoangukia siku ya mwezi kuandama. Biblia haiiti hivyo popote, na katika Mathayo 24:36 Yesu anasema hata malaika hawajui. Mwezi mpya hujulikana ndani ya siku moja au mbili. Maneno ya Yesu ni mazito kuliko hapo.

Upatanisho, na mahali mpango wa "nne na tatu" unapopasuka

Utausikia mpango huu mara nyingi: sikukuu nne za kwanza zimetimia katika kuja kwa kwanza, tatu za mwisho zinangoja kuja kwa pili. Ni kiunzi kizuri cha kukumbukia. Ila ukikifanya sheria, Waebrania itakivunja mikononi mwako.

Tarehe 10 kuhani mkuu aliyavua mavazi ya fahari akavaa ya kitani. Alichinja ng'ombe dume kwa ajili yake na nyumba yake, akaingia patakatifu pa patakatifu na uvumba, akanyunyiza damu juu ya kiti cha rehema, kisha mara saba mbele yake. Mbuzi wawili walipigiwa kura. Mmoja, wa BWANA, alichinjwa na damu yake ikaingizwa ndani. Wa pili, wa Azazeli, aliwekewa mikono miwili, akaungamiwa dhambi za taifa, akapelekwa jangwani. Waebrania 9 inaichukua siku hii yote: Kristo ameingia mara moja tu, kwa damu yake mwenyewe, mbinguni kwenyewe. Hilo ni daraja la kwanza, na limekwisha kutokea. Kisha mstari wa 28 unasema atatokea mara ya pili kwa hao wamtazamiao, kama kuhani anayetoka hemani mbele ya watu waliokuwa wakingoja. Sikukuu moja inabeba kuja kote kuwili.

Wanaongoja utimilifu kwa taifa la Israeli husoma Zekaria 12:10, ambapo watamtazama yeye waliyemchoma, pamoja na Warumi 11:26. Toba hiyo imeandikwa. Kwamba itatukia siku ya 10 Tishri haikuandikwa. Mbuzi wa Azazeli ana wasomaji wa namna mbili: Waadventista humwona Shetani akibebeshwa hukumu mwishoni, na wengine wengi humwona Kristo akizipeleka dhambi mbali, mbuzi wawili wakiwa sadaka moja yenye pande mbili. Sadaka ya dhambi ya Walawi 16:5 ni "mbuzi waume wawili" kwa pamoja, na kwetu hilo linaelemea upande wa pili.

Siku hii pia ina onyo la historia. Wafuasi wa William Miller huko Marekani walihesabu kwamba Kristo angekuja siku ya kumi ya mwezi wa saba, wakaifikia tarehe 22 Oktoba 1844. Hakuja. Mwaka huohuo Wayahudi wengi waliadhimisha Siku ya Upatanisho tarehe 23 Septemba, maana wafuasi wa Miller walitumia hesabu tofauti ya mwezi wa kwanza. Hata mahali pa tarehe palikuwa na mgogoro kabla ya kufika kwenye fundisho.

Vibanda

Siku saba kuanzia tarehe 15, baada ya mavuno ya zabibu na mizeituni kuingia ghalani, Israeli walikaa vibandani wakikumbuka jangwa. Sasa fungua Hesabu 29 na uhesabu ng'ombe dume: siku ya kwanza 13, ya pili 12, ikipungua mmoja kila siku hadi 7. Jumla 70. Marabi waliziona kuwa ni kwa ajili ya mataifa 70, kwa kulinganisha na orodha ya Mwanzo 10. Ukiwa na hesabu hiyo, Zekaria 14:16 haitakushangaza: mataifa yatakayosalia yatapanda Yerusalemu mwaka kwa mwaka kuishika sikukuu hiyohiyo. Wengine wanaingoja ionekane kwa macho katika ufalme wa miaka elfu, na wengine wanaiona katika Mataifa kuingia Kanisani. Ni nabii aliyeitaja sikukuu kwa jina, kwa hiyo mzizi ni imara hata kama matawi yanabishaniwa.

Lakini hapa tena mpango wa "nne na tatu" haushiki. Katika siku za hekalu maji yalichotwa bwawa la Siloamu na kumiminwa madhabahuni wakati wa Vibanda. Siku ya mwisho ya sikukuu hiyo Yesu alisimama akapaza sauti: aliye na kiu aje kwake anywe (Yohana 7:37). Yohana 1:14 inaposema Neno alikaa kwetu, Kigiriki chake ni kupiga hema. Na Ufunuo 7:9-17 ina matawi ya mitende, hema ya Mungu juu ya watu, na chemchemi za maji, kila kabila na lugha wakiwemo. Daraja la pili lililo tajiri kiasi hiki ni nadra.

Utakaposikia tena kuhusu "miezi ya damu", yaani mwezi unapopatwa na kuonekana mwekundu, kumbuka mwezi wa kalenda hii. Pasaka na Vibanda huangukia mwezi mpevu, na mwezi hupatwa wakati wa mwezi mpevu tu. Kupatwa kwa tarehe 15 Aprili na 8 Oktoba 2014, kisha 4 Aprili na 28 Septemba 2015, kuliangukia sikukuu hizo, na wengi walitangaza ishara. Mlingano wa namna hiyo hutazamiwa na kalenda yenyewe.

Ukifundisha kundi, tenga kipindi kimoja kwa kila sikukuu, lakini Upatanisho uupe viwili: cha kwanza Walawi 16 peke yake, hatua kwa hatua, bila kumtaja Kristo, na cha pili Waebrania 9. Kumbuka pia kwamba sikukuu hizi zinaadhimishwa na Wayahudi hadi leo, na maana wanazoziishi hazihitaji kibali cha safu yako ya nne. Zitaje kwa heshima. Kutabaruku, iliyotajwa katika Yohana 10:22, na Purimu ya kitabu cha Esta ziwekee ukurasa wa nyuma, kwani hazimo katika Walawi 23. Mwisho acha nafasi ya siku ya nane, ile inayofuata Vibanda, yenye ng'ombe mmoja tu baada ya wale 70. Torati haisemi ni ukumbusho wa nini. Safu ya tatu iache tupu, na ya nne ijaze kwa penseli.